Ukurasa wa Kumi na Mbili

Kilichomshtua Mwalimu Kiliani ni nazi.

Jumapili ile ya mwezi wa tatu, baada ya sala, wanawake walikuwa wamesimama nje ya kanisa la nyasi wakipeana habari. Notburga, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika hata siku ya Bwana, akamwuliza Bonifasia mbele ya watu kwa nini shamba lake bado limesimama majani wakati wenzake wote wamekwisha chimba ngolo. Swali lenyewe halikuwa baya. Katika milima ya Umatengo kila mtu anajua kazi yake: mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mwanamke huja nyuma na jembe, akachimba shimo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Hizo ndizo ngolo. Mume akiwa safarini, nduguye humlazia majani. Blasius, kaka wa mume wa Bonifasia, alikwisha kuja mara mbili na mundu wake, na mara mbili Bonifasia alimrudisha.

"Majani yangu yanamngoja mwenyewe," alisema Bonifasia, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Egidi anakuja. Barua ilifika kabla ya Krismasi, mtoto akanisomea. Anakuja, na analeta nazi."

Wanawake wakacheka, wengine kwa furaha, wengine kwa kijicho kidogo. Kwa miezi mitatu kijiji kizima kilikuwa kinazingoja hizo nazi, wala hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Karani wa chama cha kahawa aliwaambia kwamba ni tunda kubwa kama kichwa cha mtoto, lina maji ndani, na huko Tanga, alikokwenda Egidi kukata mkonge, limejaa kama magugu. Mzee Meinrad alikwisha agiza mbili, moja ya kula na moja ya kupanda.

Mwalimu alikuwa hatua tano hivi kutoka kwao, ameshika kitabu cha nyimbo. Akauliza kama mtu anayepitisha maneno tu, "Mama Vitalia, barua ilisemaje hasa? Unayakumbuka maneno?"

Asahau vipi? Bonifasia aliyasema kwa Kiswahili chake cha kanisani, neno kwa neno. "Baba anakuja. Baba analeta nazi. Mama anafurahi. Watoto wanacheza."

Mwalimu Kiliani akakifunga kitabu cha nyimbo. Maneno hayo aliyajua kama anavyoijua Baba Yetu. Ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza.

Tuseme ukweli, Kiliani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Unyasa, amezaliwa ufukweni na kukulia dagaa wa usipa na ugali wa muhogo, kisha misheni ikampeleka kufundisha mlimani, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwao, penye baridi ya kupasua midomo. Watoto walijua Kimatengo. Yeye alijua Kinyasa. Kitabu kilijua Kiswahili, tena Kiswahili cha pwani, chenye minazi na mashua na bwana wa kanzu anayepunga upepo barazani. Chuoni walimwonya asiingize darasani neno lolote la kienyeji. Basi akajikuta na watoto arobaini na watatu, vitabu sita, na lugha ambayo hakuna nyumba hata moja pale kijijini iliyokuwa ikiamka nayo.

Akafanya walivyofanya walimu wengi. Alisoma yeye, wakaitikia wao. Mwezi wa kwanza ilikuwa kelele, mwezi wa tatu ikawa wimbo. Kila ukurasa ulikuwa na picha yake, na kila picha ikawa na wimbo wake. Ukiwaonyesha picha ya kuku, darasa zima linaimba ukurasa wa tatu bila kukosea hata pumzi. Mpita njia angesimama aseme, loo, hapa pana shule.

Na je, alijua? Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, maana alijua. Siku moja alimwona mtoto ameshika kitabu juu chini, anasoma vizuri kabisa. Akakigeuza kitabu taratibu, akaendelea na somo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho anaweza pia kuchagua pa kutazama, na Kiliani alichagua.

Mwezi wa kumi uliotangulia padri mkaguzi alikuja kulitazama darasa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefunua kitabu, akakifunua kwenye ukurasa wa kumi na mbili, penye picha ya kichwa cha mwanamume na mnazi nyuma yake, akamwita Vitalia. Mtoto huyo wa miaka minane alikuwa na sauti kuliko wote. Alisoma wima, mikono nyuma. Alipomaliza akauliza, "Nimesoma sawa, mwalimu?" naye akajibu, "Umesoma sawa." Padri akampa picha ya Bikira Maria yenye ukingo wa dhahabu. Bonifasia alikuwa mlangoni pamoja na wazazi wengine, amejiziba mdomo kwa kiganja asije akalia mbele ya mgeni.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Egidi alipoondoka na lori la manamba waliokwenda mkongeni, aliweka mkono kichwani pa binti yake akasema, "Mimi nitatafuta mtu wa kuniandikia. Lakini kusoma, usome wewe. Maneno ya mtu na mkewe si ya kusomwa kwenye sengu, wanaume wa ukoo wakila pamoja." Ni kwa ajili hiyo Vitalia aliingizwa shule, wakati wasichana wa rika lake wanabeba wadogo zao mgongoni. Kwa hiyo karani wa chama alipoileta barua mwezi wa kumi na mbili, Bonifasia hakuhitaji kumtafuta mtu. Mwalimu alikuwa amekwenda likizo kwao ziwani, na hata angekuwapo asingeitwa. Msomaji alikuwa ndani ya nyumba, amethibitishwa na padri.

Jumatatu, watoto walipoachiwa, Mwalimu Kiliani alimwambia Vitalia abaki. Akamfunulia kitabu kwenye ukurasa wa tisa, akaifunika picha kwa kiganja chake.

"Nisomee."

Mtoto akautazama ule mkono. Akangoja. Alingoja kwa adabu, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

"Soma, Vitalia."

"Mwalimu, toa mkono nisome."

Hakuutoa. Alimwonyesha neno moja kwa kidole, kisha jingine, neno la herufi nne tu, na mtoto akawa anamtazama yeye usoni badala ya kulitazama neno. Hakuwa na hofu. Alidhani ni mchezo mpya ambao bado hajafundishwa.

"Barua ya baba," mwalimu aliuliza, "ilikuwa na picha?"

"Ndiyo. Moja, ndogo."

"Picha ya nini?"

"Ya kichwa cha mwanamume. Juu, kwenye pembe."

Stempu. Mtoto aliona kichwa cha mfalme kwenye stempu ya bahasha, akafanya kama alivyofundishwa: akaitazama picha, akaukumbuka ukurasa wake, akausoma kwa sauti safi mbele ya mama yake. Hakuongeza neno, hakupunguza. Kama kuna mwanafunzi aliyewahi kumtii mwalimu wake, basi ni huyu. Kiliani aliketi juu ya benchi la wanafunzi, benchi la chini lile, magoti yakamfika kifuani.

Jioni hiyo hiyo alipanda kwenda kwa Bonifasia. Alimkuta anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo, yale atakayopanda mume akishalaza majani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mwalimu. Leo umepotea njia?"

"Mama Vitalia, nimekuja kuomba ile barua."

Aliitoa kwenye kikapu kilichotundikwa paani, imefungwa ndani ya kitambaa cha kitenge pamoja na ile picha ya Bikira Maria. Aliitoa kwa fahari. Huenda alidhani mwalimu ametaka kuona kazi ya mwanafunzi wake. Vitalia alikuwa kando ya moto, anasogeza kuni.

Mwalimu aliisoma kwanza kimyakimya, kisha akaisoma kwa sauti, akigeuza kila sentensi kwa Kimatengo chake cha kuchechemea ili asibaki na pa kujificha. Barua ilisema hivi:

*Kwa mke wangu Bonifasia, salamu. Mimi Egidi si mzima. Kifua kimeharibika, nakohoa damu, kazini nimetolewa. Anayeniandikia ni Bernadi, mtu wa Ukata, tunalala chumba kimoja. Sina nguvu za kupanda lori peke yangu. Mwambie kaka Blasius aje anichukue. Nitamngoja mpaka mwezi wa pili. Sitaki kuzikwa kwenye mkonge, mahali nisipojua jina la mlima hata mmoja. Barua hii asome Vitalia. Asome kwa sauti, polepole, nami nitajua amenisomea.*

Bonifasia hakulia. Aliendelea kuchambua maharage, moja, jingine, jingine, mpaka vidole vikasimama vyenyewe.

"Imeandikwa lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili, tarehe mbili."

"Na sasa ni mwezi wa tatu."

"Ndiyo, mama."

"Na nazi?"

"Nazi haimo."

Akageuka kumtazama binti yake pale motoni. Alimtazama muda mrefu, na jicho lile lilimtisha mwalimu kuliko kelele yoyote. "Basi mtoto huyu amenidanganya," alisema. "Miezi mitatu baba yake ananiita, na huyu amenidanganya."

Hapo ndipo Kiliani alipofika penye njia panda, na wala hakuwa na muda wa kukuna kichwa. Angeweza kusema watoto ni watoto. Angeweza kukaa kimya tu. Kimya kingetosha, na mzigo wote ungemwangukia msichana wa miaka minane, akaubeba mpaka siku ya kufa kwake. Mshahara wake, cheti chake, ripoti nzuri ya padri, vyote vilikuwa upande wa kimya.

"Hakudanganya," alisema. "Hajui kusoma. Hakuna anayejua kusoma katika darasa langu. Niliwafundisha kuimba kitabu, mama. Wanatazama picha, wanaimba. Aliona kichwa kwenye stempu, akaimba ukurasa wenye kichwa. Siku ile padri alipokuja, mimi ndiye niliyemchagulia ukurasa."

Bonifasia akamgeukia. "Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

Moto ulipasua kipande cha kuni. Mama yule akanyanyuka, akachukua ungo wake na kuuingiza ndani. Alipotoka hakumtazama tena mwalimu. "Nenda kamwite baba mkubwa Blasius," alimwambia Vitalia. "Mwambie aje sasa hivi."

Blasius aliondoka kesho yake alfajiri, na unga wa safari na blanketi la pili la kumfunikia mgonjwa. Kwa miguu mpaka Songea, kisha malori, mengine ya mahindi, mengine ya tumbaku, kwenda kaskazini ambako hakuwahi kufika. Alipokuwa njiani, Mwalimu Kiliani alikwenda shambani kwa Bonifasia na mundu wa kuazima. Alijifunza kwa kutazama mashamba ya wengine jinsi majani yanavyolazwa. Alikwisha fyeka mistari miwili, kombokombo, Bonifasia alipomfikia.

"Acha, mwalimu," alisema bila hasira. "Majani haya yana mwenyewe."

Akaacha. Mwaka ule shamba lile halikuchimbwa. Mvua ziliisha, majani yakageuka rangi ya majivu, na kila mtu aliyepita kwenda kanisani aliyaona.

Blasius alirudi mwezi wa tano. Watu walimwona tangu mbali kwenye mteremko akipanda peke yake, na Bonifasia alipoona kwamba mablanketi ni mawili na mtu ni mmoja, alikaa chini palepale alipokuwa. Egidi alikufa tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa pili. Bernadi alimweleza Blasius kwamba kila lori lilipoingia kambini mgonjwa aliomba atolewe nje, aegemezwe ukutani, atazame nani anashuka. Walimzika kwenye makaburi ya shamba, mkonge huku na mkonge huku. Blasius alileta sanduku la bati, kipande, ile kadi ya kazi, chenye siku kumi na moja zilizopigwa alama, na udongo kidogo ndani ya kopo.

Kilio kilikuwa kikubwa. Na baada ya kilio, ulimi wa Notburga ukapata kazi. Kisimani, mashineni, njia nzima ya kanisani, habari ikawa ni mtoto aliyemzika baba yake kwa uongo. Wasichana wenzake wakaacha kuchota naye maji. Vitalia akaacha kusema. Alifanya kazi zake, akala alichopewa, na ukimwuliza jambo alikutazama mikono.

Jumapili ya pili baada ya matanga, katekista alipomaliza matangazo, Mwalimu Kiliani alisimama mbele ya watu wote. Aliwaeleza kuhusu vitabu sita na nyimbo, kuhusu stempu, kuhusu ukurasa alioufunua mwenyewe. "Vitalia alisoma kama nilivyomfundisha," alisema. "Mwenye kulaumu anilaumu mimi." Kisha akaketi. Kesho yake watoto kumi na tisa hawakuja shule. Baba zao walisema, kama ni kuimba, hata nyumbani wanaimba.

Vitalia alikuja. Mama yake alimleta kwa mkono mpaka mlangoni, akamwachia hapo na kurudi bila kusalimia.

Mwalimu alivifungia vile vitabu sita ndani ya kabati. Akachukua chaki, akaandika ubaoni neno moja kubwa: ngolo. Akagonga sauti ya kwanza, ya pili, akaziunga. Mtoto mmoja nyuma akacheka, na wote wakacheka, kwa sababu hawakujua kwamba shamba la mama linaweza kukaa ubaoni. Siku zilizofuata aliwaambia walete maneno kutoka nyumbani, nao wakaleta majina ya mbuzi, ya vilima, ya bibi zao, akayaandika yote. Yakaisha ya Kimatengo, akaingiza ya Kiswahili, moja baada ya jingine, na kila neno jipya aliwaeleza kwanza ni kitu gani. Ilikuwa kazi ya polepole mno. Padri mkaguzi alipokuja mwezi wa nane hakusikia wimbo; alisikia watoto wanaokwama, wanaorudia, wanaokuna vichwa. Aliandika kwamba shule imerudi nyuma na kwamba mwalimu ameingiza lugha ya kienyeji. Kiliani aliambiwa mwisho wa mwaka atahamishwa.

Hakubisha. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amekwisha kua, anakaa benchi la mbele na hasemi.

Mwezi wa tisa ukoo wa Egidi ulipika pombe ya kumaliza msiba. Asubuhi ya siku iliyofuata, watoto wengine wakiwa bado wanakusanyika uwanjani, Vitalia aliingia darasani na mama yake nyuma. Bonifasia alikuwa amenyolewa nywele. Alibaki amesimama ukutani. Mtoto alifungua kile kitambaa cha kitenge, akaitandaza bahasha na barua juu ya meza ya mwalimu, akanyoosha mikunjo.

"Mwalimu, weka mkono hapa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kumsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Alikuwa anaonyesha stempu.

Kiliani akaifunika kwa kiganja.

Vitalia aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa sauti, polepole. Kwenye "Bonifasia" alikwama, akarudi, akaliunga upya. Kwenye "kifua kimeharibika" alichukua muda mrefu sana, na mwalimu aliuma ulimi asimsaidie. Alisoma kuhusu Bernadi, kuhusu lori, kuhusu kaka Blasius. Alisoma, *nitamngoja mpaka mwezi wa pili*. Kidole kikasimama hapo, kisha kikaendelea. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe hakukwama hata kidogo, maana jina hilo alilijua kuliko maneno yote.

Alipomaliza aliinua macho. "Nimesoma sawa, mwalimu?"

Kiliani akauondoa mkono kwenye stempu. "Umesoma sawa," alisema.

Mtoto akaanza kukunja vidole kuhesabu miezi iliyopita baada ya ule wa pili, akianzia na kidole kidogo. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Vidole vya mkono mmoja viliisha, akahamia mkono wa pili, akafika wa tisa, akavitazama vile saba vilivyokunjwa. Hakuna aliyemwambia ahesabu, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Bonifasia akatoka pale ukutani, akaja akaketi kwenye benchi la wanafunzi, karibu na binti yake.

"Rudia," alisema. "Mimi sikuisikia vizuri ile mara ya kwanza."

Vitalia akarudisha kidole juu ya karatasi, kwenye neno la kwanza, akaanza tena.